PUMZI YA MFANYA KAZI

Mazungumzo ya kamati ya afya mbele ya wanachama wa tawi, Ngara



Tumepewa nafasi hii na tawi ili tuzungumze nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa mapafu. Twajua wengi wenu mlitazamia habari za mishahara, na hizo zitakuja kwa zamu yake. Lakini mshahara hulipwa kwa kazi, na kazi hufanywa kwa pumzi. Tena miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi hapa Nairobi, na ndiyo miezi ambayo ugonjwa huu huwaangusha watu. Kwa hiyo twaomba tusikilizane.

Yuko ndugu yetu mmoja, fundi wa kupiga rangi magari. Hatutamtaja jina, ila ametupa ruhusa tueleze mambo yake. Amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini katika gereji za upande wa mto. Alianza kwa kukohoa asubuhi, akasema ni vumbi. Kisha akawa akipanda kutoka Globe kuja Ngara husimama mara mbili njiani, akijifanya anatazama simu. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akaendelea kununua dawa za kikohozi dukani, chupa baada ya chupa. Baridi ilipoingia akapata mafua kama watu wote. Wenzake walipona kwa siku nne. Yeye siku ya sita alishindwa hata kuinama kufunga kamba za viatu. Alipokosa kazi siku tatu, msimamizi wake alimpigia simu akamwambia kazi haitaki wavivu, akae huko huko nyumbani. Ndipo mkewe alipokuja ofisini kwetu. Tutarudi kwenye habari yake baadaye.

UGONJWA WENYEWE

Katika karatasi za hospitali ugonjwa huu huandikwa kwa herufi nne, COPD. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni ugonjwa wa kudumu wa kuziba njia za hewa mapafuni. Mapafu ni kama mti uliopinduliwa. Shina ni koo la hewa, matawi ni mirija inayozidi kuwa myembamba, na mwisho wa matawi viko vifuko vidogo sana ambamo hewa huingia katika damu. Moshi na vumbi vikiingia mwaka baada ya mwaka, ile mirija huvimba kwa ndani, hutoa makohozi, hupungua upana. Vile vifuko navyo huchakaa, kuta zake hubomoka, vidogo vingi vikawa vikubwa vichache vilivyolegea. Basi hewa huingia, lakini kutoka ni shida. Mgonjwa husema, "Hewa haiingii." Kumbe hewa ya zamani haijatoka, na hewa mpya haina pa kukaa.

Hatutawadanganya. Sehemu iliyokwisha kuharibika hairudi. Lakini kile kilichobaki chaweza kulindwa, na mtu akaishi, akafanya kazi, akalea watoto wake. Hasara kubwa ni kungoja mpaka mwisho. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu kiasi cha milioni 3.5, yaani vifo kiasi cha 5 katika kila vifo 100 duniani. Na katika wale wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 90 katika 100 ni watu wa nchi zenye mapato madogo na ya kati, kama nchi zetu. Kwa hiyo mtu asituambie huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya.

HAUTOKI KWA SIGARA PEKE YAKE

Wengi wetu twafikiri asiyevuta sigara hawezi kuupata. Si kweli. Katika nchi tajiri, wagonjwa zaidi ya 70 katika 100 waliupata kwa tumbaku. Katika nchi kama zetu, tumbaku ni kiasi cha 30 hadi 40 katika 100. Wengine waliupata wapi? Waliupata kwa moshi wa jiko la makaa na kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, na hapa dada zetu na mama zetu ndio huumia zaidi. Waliupata kwa moshi wa barabarani. Wengine waliugua kifua kikuu zamani, wakapona, lakini kovu likabaki mapafuni. Wengine walikuwa na maradhi ya kifua utotoni.

Na wengine waliupata kazini. Mwaka 2019 wataalamu wa mapafu wa Marekani na Ulaya walikadiria kwamba wagonjwa kiasi cha 14 katika kila 100 ugonjwa wao watokana na kazi. Sasa hebu tujitazame. Shuka kutoka hapa uvuke mto uende Kirinyaga Road, ambayo wengi bado waiita Grogan. Utamkuta anayepiga rangi kwa bomba, anayepiga msasa, anayechomelea vyuma, anayewasha injini ndani ya banda. Nenda Kariokor uone wachoma nyama wanaosimama juu ya moshi kutwa. Tazama makondakta na madereva katika stendi, wafagiaji wa barabara alfajiri, maseremala na vumbi la mbao, wapishi wa mahoteli. Hao ni sisi. Mtu akifanya kazi hizo na huku anavuta sigara, amejibebesha mizigo miwili.

Liko jambo jingine la mji wetu. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mtu mzima wa afya haoni tofauti. Mwenye mapafu mabovu huiona anapopanda ngazi.

USIJIPIMIE MWENYEWE

Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili chahitaji kupimwa kifua kikuu kwanza. Hilo halina mjadala. Lakini ukiambiwa huna kifua kikuu, na bado unakohoa na kutweta, usiende nyumbani ukidhani umepona. Uliza kipimo cha pumzi. Mtu huvuta hewa mpaka mwisho, kisha hupuliza katika mashine kwa nguvu zake zote. Mtu mwenye mapafu mazima, katika sekunde moja ya kwanza, hutoa zaidi ya sehemu 7 katika 10 za hewa anayoweza kupuliza. Akitoa chini ya hapo, hata baada ya kupewa dawa ya kufungua mirija, basi njia zake zimeziba. Hospitali kubwa kama Kenyatta wana chombo hicho. Kituo cha afya kilicho karibu nawe chaweza kukuandikia barua ya kwenda.

Tena usichanganye na pumu. Pumu mara nyingi huanza utotoni, huja na kuondoka, na baina ya siku mbaya mtu hupumua vizuri. Huu wetu huanza ukubwani, kwa kawaida baada ya miaka 40, na hauondoki. Wako pia wenye yote mawili. Kwa hiyo dawa ya jirani mwenye pumu si lazima iwe dawa yako.

UGONJWA UNAPOCHACHAMAA

Mwenye ugonjwa huu ana hali yake ya kila siku ambayo ameizoea. Siku ugonjwa unapochachamaa, hali hiyo hubadilika kwa muda wa siku chache. Dalili ni tatu kubwa: kutweta kuliko desturi, kikohozi na makohozi kuzidi, na makohozi kubadilika rangi, yakawa ya manjano au kijani. Mara nyingi chanzo ni mafua tu, au vijidudu vingine vya kifua, au siku ya moshi na vumbi jingi. Mtu mwingine hana hofu na mafua. Mwenye ugonjwa huu yampasa ayaogope. Kila mara ugonjwa unapochachamaa, mgonjwa hupona lakini mara nyingi hairudi hali ile ile ya kwanza. Kwa hiyo kuzuia mara moja ni faida ya miaka.

Haya ndiyo ya kufanya.

Kwanza, sigara iachwe. Si ipunguzwe, iachwe. Dawa zote tutakazozitaja hazifikii kazi ya hilo moja. Na mwenzako anayejaribu kuacha usimnunulie moja kwa urafiki.

Pili, moshi wa nyumbani upunguzwe. Mwenye uwezo apikie gesi. Asiye na uwezo atoe jiko nje mpaka makaa yawake vizuri, na afungue dirisha na mlango wakati wa kupika. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto. Huko ni kualika kifo hata kwa mtu mzima wa afya.

Tatu, chanjo. Ziko chanjo za homa ya mafua, hutolewa kila mwaka, na iko chanjo ya nimonia. Chanjo ya KOVIDI nayo yafaa. Kwa mtu mzima mara nyingi hulipiwa, nalo ni jambo tutakalolileta mbele ya matajiri.

Nne, dawa itumiwe inavyopasa. Dawa kubwa ni ile ya kuvuta, inhela. Ziko za namna mbili. Moja ni ya kufungua mirija upesi, kama salbutamol, ambayo kopo lake kwa kawaida ni la buluu. Hiyo hutumiwa mtu anapobanwa. Nyingine ni ya kila siku, asubuhi au asubuhi na jioni, hata siku unapojiona mzima. Wengi huacha hii ya pili kwa sababu hawaoni ikifanya kazi papo hapo. Kazi yake ni kuzuia siku mbaya isije. Daktari ndiye atakayekuandikia ipi. Ikiwa ndani yake mna steroidi, sukutua kinywa kwa maji baada ya kuvuta.

Tano, jifunze namna ya kuvuta. Tumewaona ndugu wengi wakipuliza dawa ulimini na kuimeza. Hiyo ni pesa iliyotupwa. Kwa inhela ya kubonyeza: tikisa kopo, toa pumzi nje, funga midomo juu ya kinywa cha inhela, anza kuvuta pole pole na hapo hapo ubonyeze mara moja, endelea kuvuta mpaka mwisho, zuia pumzi uhesabu hadi kumi. Ukishindwa kupatanisha kubonyeza na kuvuta, tumia chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walitangaza kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani kwa watoto wenye pumu. Chukua chupa safi iliyokauka, toboa kitako kwa umbo la kinywa cha inhela, chomeka inhela, ziba kandoni hewa isipenye, kisha uvute dawa kwa mdomo wa chupa. Mwonyeshe muuguzi uliyoitengeneza kabla ya kuitegemea.

Sita, mwili usilale. Mtu anayetweta huogopa kutembea, na asipotembea misuli hulegea, na misuli ikilegea hutweta zaidi. Tembea kila siku, pole pole, ukiongeza kidogo kidogo. Unapobanwa njiani, usione haya. Simama, egemea ukuta au inama kidogo ukishika magoti. Vuta hewa kwa pua, kisha uitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hilo huisaidia hewa ya zamani kutoka.

Saba, kula vizuri, ukigawa chakula kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa husukuma mapafu. Wakati wa baridi jifunike kifua, nawa mikono, na ukae mbali na mwenye mafua.

SIKU IKIFIKA

Kila mwenye ugonjwa huu na awe na karatasi moja ndogo iliyoandikwa na daktari wake, akaiweke mfukoni na nakala kwa mkewe au mumewe. Iandikwe: dawa zangu za kila siku ni hizi, nikibanwa nivute ya buluu mara kadha, hali isipokuwa nzuri niende mahali fulani. Dalili zile tatu zikianza, usingoje wiki. Nenda kliniki siku ile ile au ya pili yake. Huko hupewa dawa ya kufungua mirija, na mara nyingi vidonge vya steroidi kwa muda mfupi, kiasi cha siku tano. Dawa ya kuua vijidudu huongezwa ikiwa makohozi yamebadilika rangi. Si kila mara. Kwa hiyo msinunue vidonge hivi dukani kwa kukisia. Steroidi za kila mara huharibu mifupa na kupandisha sukari.

Lakini ukiona mambo haya, mpeleke mtu hospitali saa ile ile: anatweta hata amekaa, hawezi kumaliza sentensi moja, midomo au kucha zageuka buluu au kijivu, amechanganyikiwa au anasinzia ovyo. Akifika, mwambieni muuguzi waziwazi kwamba ana COPD. Wagonjwa hawa hupewa oksijeni kwa kipimo, kiasi cha kuifikisha damu 88 hadi 92 katika 100, kwa sababu kuzidisha kwaweza kuwadhuru. Kwa hiyo msigombane na daktari mkiona hewa imefunguliwa kidogo.

HAKI ZETU

Sasa ndugu, tumesema ya mgonjwa kufanya. Lakini ingekuwa dhuluma kumwambia mtu "jihadhari na moshi" na huku tajiri wake amemfungia ndani ya moshi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kuzuia hewa chafu mahali pa kazi na kuwapa wafanya kazi vifaa vya kujikinga. Kitambaa kilichofungwa puani si kifaa cha kujikinga na mvuke wa rangi. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yahusu pia maradhi yanayotokana na kazi, si kidole kilichokatika tu. Kwa hiyo unapomwona daktari, mweleze kazi zako zote tangu ujana, aziandike.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, apewe katika mwaka angalau siku saba za mshahara kamili, kisha siku saba za nusu mshahara. Tena yasema mtu asiachishwe kazi kwa udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, na katika kusikilizwa huko ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama kazini. Na tangu Oktoba 1, 2024 mshahara wetu wakatwa 2.75 katika kila 100 kwa ajili ya bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Hizo ni fedha zetu. Hakikisha umeandikishwa na kwamba makato yamefika.

Haya ndiyo tuliyoyachukua mkononi tulipokwenda kwa tajiri wa yule ndugu yetu. Hatukwenda kupiga kelele. Tulipeleka cheti cha daktari na sheria, tukaomba asikilizwe. Majadiliano yalichukua mikutano mitatu. Mwishowe alirudishwa, akatolewa kwenye chumba cha rangi, akapewa kazi ya kupokea magari na kuyaandika. Alipoteza malipo ya saa za ziada, na hilo bado linamuuma, hatufichi. Lakini baridi iliyofuata alikohoa, akafuata karatasi yake siku ya pili, hakulazwa.

Wala sisi si wa kwanza. Huko London, Desemba 1952, moshi na ukungu vilifunika mji siku tano, na kwa hesabu ya kwanza watu kiasi cha 4,000 wakafa, wengi wao wazee na wenye vifua vibovu. Sheria ya hewa safi ikatungwa mwaka 1956. Huko huko London wafanya kazi wanaume 792 walikubali kupimwa pumzi zao kwa miaka minane, na mwaka 1977 Fletcher na Peto wakatangaza kilichoonekana: anayeacha sigara harudishiwi pumzi aliyokwisha poteza, lakini kupungua kwake hurudi kuwa kama kwa mtu asiyevuta. Na mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua kwamba shirika la British Coal lilikosa kuwakinga wachimba makaa na vumbi, na kwamba ni lazima lijibu kwa mapafu yao. Wachimba makaa wale hawakushinda kwa kukohoa kila mtu nyumbani kwake. Walikuwa na vyama.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta mambo matatu mbele ya mkutano. La kwanza, kila mahali pa kazi penye wanachama wetu patuletee kabla ya mwisho wa Mei majina ya wajumbe wa kamati ya usalama; pasipo na kamati, tuambiwe. La pili, tawi liwaandikie waajiri kuwaomba walipie chanjo ya mafua kwa wenye maradhi ya kifua. La tatu, sigara isivutwe tena katika ukumbi huu wakati wa mikutano, wala mlangoni. Twajua la tatu litawaudhi baadhi ya wazee wetu wa kamati kuu. Watusamehe; twawataka wawe nasi miaka mingi.

Na wewe unayekohoa hapo nyuma, uliyesema ni vumbi tu, tuone baada ya mkutano. Tutakwenda nawe kliniki.

 Umoja ni nguvu.